Masizi Yasiyo na Chumvi

Nilikuwa juu ya ngazi, chini ya bawa la kushoto, nimepitisha kidole kwenye masizi ya mshumaa uliokwisha kuungua, na nikakitia mdomoni. Hakuna kitu. Nikapangusa ganda la pili, nikalamba. Hakuna kitu. La tatu, la nne, la sita. Nikahamisha ngazi hadi bawa la kulia nikaendelea, kama mtoto anayekomba sufuria iliyokwisha kuoshwa. Maganda kumi na mawili, na hata moja halikuwa na chumvi.

Injini ilikuwa bado ya moto. Rubani alipita chini yangu na begi lake begani, akainua macho, akasema, "Vipi fundi, kantini imekushinda mpaka umeanza kula ndege?" Nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na huku nimeshika bawa nisianguke.

Miaka kumi na tisa imepita. Nimeshastaafu, meno mawili ya mbele yamekwenda zao, na bado nikiwekewa chakula kisichokolea chumvi nainuka mezani. Mke wangu alidhani nadharau mapishi yake, akanuna wiki nzima. Sikumweleza. Kuna mambo ukitaka kuyasema lazima uanze mwanzo, na mwanzo wa hili ni mrefu, tena haunipi sifa.

Watu wakisikia kwamba nilikuwa kwenye mradi wa serikali wa kupanda mawingu, wananiona ama mchawi ama mwongo. Uchawi sina. Hilo la pili, ngoja kwanza.

Serikali ilitaka kujua jambo moja tu. Ukichoma chumvi chini ya wingu lililoiva, mvua inaongezeka kweli, au ingenyesha vilevile hata ungeliacha? Ni swali jepesi kuuliza na gumu kujibu, maana wingu hulioni mara mbili. Kwa hiyo hatukuwa tunachoma chumvi kila siku. Tulikuwa na mishumaa, ndivyo tulivyoiita, mirija ya kadibodi yenye urefu wa mkono, sita kila bawa, inayowashwa angani kwa swichi. Nusu ya mishumaa ilikuwa na chumvi iliyosagwa laini kuliko unga. Nusu ilikuwa mitupu: inawaka vilevile, moshi uleule, lakini wingu halipati kitu. Kwa kila safari ilitayarishwa kwenye maboksi mawili, moja jekundu na moja la bluu, kumi na miwili kila boksi, na aliyejua lipi lina nini ni mkemia wetu peke yake, kwa sababu ndiye aliyeijaza.

Siku ya kuruka Mkuu wa mradi alikuwa anapasua bahasha mbele yetu sote. Ndani kuna neno moja, nyekundu au bluu, limechaguliwa kwa bahati nasibu na watu wa makao makuu waliokuwa hata hawatujui sura. Mimi napakia rangi iliyotajwa. Rubani anaruka bila kujua amebeba nini. Mama wa rada, tuliyemwita Jicho, anapima wingu bila kujua limelishwa nini. Kule chini, wakulima arobaini waliopewa vipima mvua wanaandika namba zao bila kujua kama tumeruka. Hivyo hakuna anayeweza kuona kile anachotamani kuona. Ulikuwa utaratibu mzuri. Hata leo nausifu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Mkuu alikuwa anasema kila anapopasua bahasha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye masharti mengi, na methali yake ilikuwa hiyo moja. Jicho aliwahi kuniambia pembeni kwamba siku mzee huyu akipata chawa kweli atatuita kikao.

Sasa kosa langu la kwanza. Msimu wa kwanza, siku moja ya joto, nilijifuta jasho la mdomo kwa mkono wenye masizi, nikaonja chumvi. Sikuwa na nia mbaya. Boksi la siku hiyo lilikuwa la bluu. Safari iliyofuata bahasha ilisema nyekundu, nami nikalamba makusudi: masizi matupu, machungu, basi. Safari tano baadaye sikuwa na shaka tena. Bluu ndiyo chumvi.

Nilitakiwa kwenda kwa Mkuu siku hiyohiyo. Wangebadilisha rangi, kazi ikaendelea. Sikwenda. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nikajiona kata. Fundi aliyeishia kidato cha nne ameijua siri ya madaktari kwa ulimi wake! Nikawa nalamba kila baada ya safari, ganda moja, kwa raha zangu. Ulikuwa ujinga wa mtu mwenye kiburi cha chinichini, na sikumdhuru mtu kwa misimu miwili.

Kaka yangu alikuwa mmoja wa wale wakulima arobaini. Shamba letu la urithi lilikuwa katikati kabisa ya eneo la utafiti, chini ya vilima, na makaburi ya baba na mama yalikuwa nyuma ya nyumba. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Hakuwahi kunikumbusha. Angekuwa ananikumbusha ingekuwa nafuu, ningemjibu.

Kazi ya kipima mvua aliichukua kama kiapo. Kila asubuhi anakwenda kwenye nguzo, anachungulia, anaandika kwenye daftari, na saa tatu kamili anapiga simu ofisini. Aliyekuwa anapokea simu zote arobaini ni mkemia, maana mradi ulikuwa na watu wachache na kila mmoja alivaa kofia mbili. Msimu ule wa tatu nilizoea kusikia upande mmoja wa mazungumzo yao. "Ndiyo, kaka. Sifuri. Nimeandika. Shemeji hajambo? Haya, kesho." Siku tisini karibu zote zilikuwa hivyo.

Mkemia alikuwa mwanamke mkavu. Hakuwa na utani, hakukaa na sisi chai ya saa nne, alikunywa yake amesimama maabara. Nilifanya naye kazi miaka mitatu na sikujua ana watoto wangapi. Nilimheshimu, lakini kumpenda sikumpenda.

Jumapili moja nilikwenda kumwona kaka. Alinipitisha shambani. Mahindi yalikuwa kifuani, yametoa mbelewele, majani yamejikunja kama sigara. Mkulima yeyote anapajua hapo: wiki moja bila maji, mahindi yanabaki kuni. Misimu miwili ya nyuma alikuwa amekosa kabisa, na ng'ombe walikuwa wamekwisha.

"Hii ni mbegu ya mwisho," alisema. "Ikifa hii, nafunga nyumba."

"Utakwenda wapi?"

"Mtu anakosa pa kwenda, mdogo wangu? Nitakwenda." Akaokota kipande cha udongo, akakivunja kwa vidole. "Sikuombi kitu. Nakuambia tu kwamba yako kwenye mbelewele."

Hivyo ndivyo kaka mkubwa anavyoomba. Nilirudi mjini nimeyabeba maneno hayo.

Jumatano, saa saba mchana, Jicho alipiga kelele chumba cha rada. Tukakimbilia wote. Wingu lilikuwa limesimama peke yake juu ya vilima, limeota kichwa, hewa inapanda ndani yake kwa nguvu, chini limekaa sawa kama meza. Misimu mitatu hatukuwa tumeliona wingu zuri hivyo. "Limeiva," Jicho alisema. "Dakika arobaini, si zaidi." Kwenye kioo, chini ya lile doa la kijani, palikuwa na nukta ya kipima mvua namba kumi na saba. Namba ya kaka yangu. Kila mtu pale chumbani alijua.

Mkuu akapasua bahasha. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, akaisoma. "Nyekundu."

Mitupu! Ndugu msomaji, nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga mzee wa watu asiyekuwa na kosa, aliyeshika karatasi. Nikatazama huku na huku kuona nani ameguswa. Rubani anafunga kamba za viatu. Jicho hana habari, kwake rangi ni rangi. Mkemia, anayejua vizuri kama mimi kwamba nyekundu ni mitupu, na anayeisikia sauti ya kaka yangu kila siku iendayo kwa Mungu, alikuwa ameshasimama, uso haujabadilika hata kidogo. "Naenda kukagua mishumaa," akasema, akatoka.

Mimi nilikwenda kuchukua ngazi. Ngazi ilikuwa nyuma ya karakana, na nilikaa huko muda mrefu kuliko inavyochukua kubeba ngazi. Nilipima. Upande huu kazi ya watu sita na miaka mitatu. Upande huu kaka, na lile donge la udongo. Wanasema damu ni nzito kuliko maji, na mimi siku ile nilikuwa na vyote viwili kwenye mzani. Nikasema liwalo na liwe.

Nilikutana na mkemia mlangoni mwa stoo, anatoka. Alikuwa anahema kidogo. Akanitazama machoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasema polepole, "Wewe fuata bahasha tu. Umenisikia? Fuata bahasha."

Nilimchukia sana dakika ile. Nilisema moyoni, mwanamke huyu ameumbwa kwa jiwe. Anajua mahindi ya mtu yanakufa, anakuja kunihubiria utaratibu. Nikamjibu, "Nimesikia, dada," nikaingia stoo, nikafungua boksi la bluu.

Nilipakia kumi na miwili. Ndege iliporuka nilirudi stoo, nikahamisha mishumaa ya boksi jekundu nikaiweka kwenye la bluu, ili maganda yatakaporudi niyaweke kwenye jekundu na hesabu isinisute. Nilifanya hivyo huku nikipiga mluzi. Nilijiona mimi ndiye mtu pekee mwenye moyo katika jengo lile, na nakiri kwamba nilisikia raha.

Tulikusanyika chumba cha rada. Rubani aliwasha mmoja mmoja, akizunguka chini ya tumbo la wingu. Doa likapanuka, likaingia manjano, Jicho akasogeza kiti. Nilikaza ngumi hadi kucha zikaingia nyama. Kisha manjano yakafifia. Doa likapasuka vipande viwili, vitatu, vikasogea upande wa mashariki, vikayeyuka. "Limekufa," Jicho akasema, na akaandika saa. Mkemia alikuwa amesimama nyuma yetu, mgongo ukutani. Aliweka mkono mdomoni. Niliona, nikadhani anapiga miayo.

Ndege ikatua, nikapanda ngazi, nikalamba. Hapo ndipo nilipoanzia.

Pale juu nilijaribu kila maelezo. Labda chumvi imeharibika. Labda tangu mwanzo ulimi wangu ulinidanganya. Lakini moyo ulikuwa umeshajua, maana nilikuwa nasikia ile sauti, fuata bahasha, umenisikia, na kila nikiirudia ilikuwa inabadilika, mpaka ikawa si mahubiri tena. Ilikuwa ombi.

Asubuhi iliyofuata saa tatu simu ililia. Nilikuwa mlangoni. "Ndiyo, kaka," mkemia akasema. "Matone? ... Hayafiki kupimika. ... Hapana, hatuandiki sifuri, tunaandika matone. ... Ndiyo, kuna tofauti." Akasikiliza. "Pole, kaka. Pole sana." Akaweka simu, akachukua ufunguo wa stoo. Nikamfuata.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya boksi la bluu, mshumaa mmoja mkononi, ameugeuza kitako juu. Chini ya kila mshumaa wa chumvi alikuwa anaweka nukta ya penseli, ndogo kama yai la chawa, asiichanganye wakati wa kujaza. Alikuwa amekuja kurudisha vitu mahali pake kabla mtu hajagundua. Akakuta vitu viko mahali pake.

"Hii niliiweka kwenye jekundu," akasema bila kugeuka. "Jana, baada ya bahasha. Yote niliiweka kwenye jekundu, na ile mitupu nikaipeleka bluu. Kwa mikono yangu hii."

Nikafunga mlango wa stoo nyuma yangu.

"Na wewe ukapakia bluu."

"Bluu ndiyo ya chumvi," nikasema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nalamba."

Akageuka, akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha aibu. Miaka mitatu alikuwa akilinda siri, akifunga kabati, akiandika kwa alama anazozijua mwenyewe, kumbe fundi analamba. Nilidhani atacheka. Alianza kulia, bila sauti, machozi yanateremka tu.

Badala ya kupiga magoti mbele yake, nilipandisha hasira. Ndivyo nilivyo. Nikimkosea mtu, kwanza namkasirikia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuambia fuata bahasha."

"Ungesema wazi!"

"Ningesema wazi tungekuwa wakosaji wawili. Nilitaka kama ni kufukuzwa, nifukuzwe peke yangu."

"Nani alikutuma?" nikasema. Aibu ya neno hilo naisikia mpaka leo. "Yule ni kaka yako au kaka yangu?"

Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Mimi ananiambia sifuri kila asubuhi. Wewe unamwona Jumapili moja kwa mwezi." Akaurudisha mshumaa kwenye boksi, taratibu, akafunga kifuniko, akatoka. Hatukuzungumza tena ila mambo ya kazi.

Sasa sikiliza uchungu wenyewe. Nilikwenda kulitazama daftari kubwa la mradi, nikitafuta mahali pa kusahihisha. Safari ya thelathini na moja. Bahasha: nyekundu. Mishumaa: nyekundu. Kipima namba kumi na saba: matone. Nikasoma mara tatu. Hapakuwa na kosa. Bahasha ilisema mitupu, na kweli mitupu ndiyo iliyoungua. Watu wawili tumevunja kiapo, kila mmoja peke yake, kwa siri, na kazi ikatoka safi kama vile tumekaa tumekunja mikono. Ningekwenda kwa Mkuu kuungama nini? Angeangalia daftari aniulize tatizo liko wapi. Mkemia naye hakwenda, kwa sababu ileile.

Na kama ningekuwa mvivu tu. Kama siku ile ningekuwa fundi asiyejali, anayesoma rangi na kupakia rangi, chumvi ingepanda.

Ripoti ilisomwa mwisho wa mwaka, kwenye ukumbi, na wageni wa wizara wamekaa mbele. Kurasa mia na themanini, na neno lake la mwisho lilikuwa kwamba ushahidi hautoshi kusema chumvi inaongeza mvua wala kwamba haiongezi. Kwa hiyo hata hilo silijui. Huenda ingepanda na wingu likafa vilevile. Nimejaribu kujiliwaza na hilo miaka kumi na tisa, halijanitosha hata siku moja.

Wizara ilisifu nidhamu ya timu yetu. Safari hamsini na nne, bila kosa moja la bahasha. Mkuu alisimama, akatutaja mmoja mmoja kwa kazi yake, macho yamelowa, akasema chawa havunjwi na kidole kimoja. Watu wakapiga makofi. Nilipiga makofi. Nilimtafuta mkemia kwa macho nikamwona upande wa pili wa ukumbi, naye anapiga, anatazama mbele. Vidole viwili, na chawa amepita katikati.

Kaka alifunga nyumba wiki mbili baada ya lile wingu. Alikuja kwangu na mkewe, mizigo minne, na kipima mvua amekikumbatia. "Hiki ni mali ya serikali," akasema. "Nimekileta nikirudishe." Nilikipeleka ofisini, hakuna aliyekitaka. Basi akakichomeka uani kwangu, juu ya bomba la chuma, akanunua daftari jipya, akaanza ukurasa wa kwanza.

Jioni ya kwanza, shemeji ameshalala, aliniuliza. "Siku ile ya wingu. Mliwasha?"

"Tuliwasha."

"Ile yenyewe?"

"Kazi haituruhusu kujua, kaka."

Akatikisa kichwa, akatabasamu. "Haya. Usiseme. Najua ulinipigania."

Nilinyamaza. Lile la mwongo nililosema ngoja kwanza, ndilo hili. Na yeye akaufanya ukimya wangu kuwa nguzo ya kuegemea. Mgeni yeyote akija, kaka hamalizi chai hajamwambia: mimi shamba lilinishinda, lakini mdogo wangu alinipigania, alinitumia ndege. Aliyasema hayo siku tulipomzika shemeji, kwenye makaburi ya manispaa, kaburi namba sijui ngapi, mbali na baba na mama. Aliwaambia wachimba kaburi! Nami nikainama, nikaokota udongo.

Amekaa chumba cha nyuma miaka yote hiyo. Kila asubuhi anapima, anaandika, halafu anapita dirishani kwangu kutaja namba. Mjini mvua haikosi. Inanyesha kwenye saruji, kwenye mabati, kwenye magari, mahali pasipoota kitu. "Ishirini na sita!" anaita. "Arobaini, mdogo wangu, arobaini na mbili!" Nami najibu kutoka kitandani, "Andika, kaka." Ndio salamu yetu.

Mwezi uliopita alikuja fundi bomba kutengeneza koki. Kijana wa watu hakuuliza kitu. Kaka akamweleza yote, shamba, mbelewele, ndege. "Alinipigania huyu," akanionyesha kwa kidole. Fundi bomba akanipa mkono, akasema hongera mzee. Sijui kwa nini ilikuwa yeye. Mkono wake ulikuwa umelowa, wa baridi, na nilipouachia nikajua siwezi tena.

Nilimweleza kaka jioni ile, kizingitini kwake. Nilianza na ulimi, nikamaliza na nukta za penseli. Sikujitetea, au nilijitetea kidogo tu. Alisikiliza na daftari juu ya magoti, akilifungua na kulifunga.

"Kwa hiyo ungefuata tu bahasha," akasema.

"Ndiyo."

"Chumvi ingepanda."

"Ndiyo, kaka. Lakini hata ripoti ilisema haijulikani kama—"

"Sikukuuliza ripoti."

Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya mabati ya jirani. Aliyatazama kwa muda, kwa jicho la mtu wa kazi.

"Yule dada wa simu," akasema. "Bado yupo?"

"Nasikia yupo. Alihamia chuo, anafundisha."

"Mtafute. Mwambie namba kumi na saba anasema ahsante."

Nilingoja. Nilidhani lipo neno langu pia, la matusi au la msamaha, lolote. Akainuka, akashika goti, akaingia ndani, akasukuma mlango taratibu kama anavyousukuma siku zote.

Ilinyesha mpaka karibu na alfajiri. Nilikuwa macho. Nikasikia mlango wake, nikasikia kandambili zake zinapita uani hadi kwenye bomba, zinasimama. Kimya cha mtu anayesoma kipimo. Kisha zikarudi, zikapita chini ya dirisha langu bila kupunguza mwendo, na mlango ukafungwa.

Nikatoka kuangalia mwenyewe. Alikuwa ameshayamwaga maji na kukipangusa chombo kwa kitambaa. Mpaka leo sijui usiku ule ilinyesha kiasi gani.